Barua pepe nayo inahitaji muhuri

Mazungumzo ya wiki hii redioni, kutoka Chato

Katika nchi yetu barua isiyo na muhuri haiendi mbali. Mwananchi akitaka kufungua akaunti benki, au kumdhamini ndugu yake mahakamani, au kuomba kitambulisho cha taifa, mara nyingi huambiwa alete kwanza barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au ya kijiji. Barua hiyo ikifika mezani, ofisa hatazami uzuri wa mwandiko wala ufasaha wa Kiswahili chake. Jicho lake hushuka moja kwa moja chini ya karatasi kutafuta muhuri. Ukiwapo, shughuli inaendelea. Usipokuwapo, mwenye barua hurudi alikotoka. Tunailalamikia mihuri, lakini sababu yake tunaijua. Karatasi na kalamu kila mtu anazo. Muhuri si wa kila mtu.

Leo napenda kuzungumzia barua ya aina nyingine, ambayo siku hizi inabeba mali nyingi kuliko ile ya karatasi. Barua hiyo ni barua pepe. Nataka tutazame kwa nini barua pepe za wafanyabiashara waaminifu hazifiki zinakokwenda, na kwa nini barua za matapeli wanaotumia majina ya wafanyabiashara hao hao huweza kufika. Kisha nitaeleza kazi ndogo, isiyo na gharama kubwa, inayoweza kupunguza maovu yote mawili. Kazi yenyewe ni kuipa barua pepe muhuri wake.

Kwa msikilizaji asiyeifahamu Chato, mji huu uko kando ya Ziwa Viktoria. Zamani ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Kagera. Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012, Chato ikawa moja ya wilaya zake. Watu wa hapa wanalima pamba na mihogo, wanavua samaki, na wanachimba dhahabu. Lakini iko biashara nyingine katika ukanda huu wote wa dhahabu, nayo ni kuiuzia migodi bidhaa na huduma. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000. Mgodi wa namna hiyo unahitaji nyama, mboga, sare, vipuri, magari ya kubeba wafanyakazi na mafundi wa kila namna. Mwaka 2018 Serikali ilitoa kanuni chini ya Sheria ya Madini zinazozitaka kampuni za madini kutoa kipaumbele kwa bidhaa na huduma za Watanzania. Kwa kanuni hizo, mfanyabiashara wa Chato, wa Geita au wa Katoro ana haki ya kugonga mlango wa mgodi.

Ndugu msikilizaji, siku hizi mlango huo unagongwa kwa barua pepe. Ofisa manunuzi huomba bei kwa barua pepe, na bei hupelekwa kwa barua pepe. Oda na ankara nazo hupita njia hiyo hiyo.

Mwezi Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3. Gari lililokuwa likisubiri kivuko kwa saa nzima au zaidi, sasa linapita kwa dakika chache. Mzigo unawahi. Lakini barua ya kueleza bei ya mzigo huo, ambayo ingepaswa kufika kwa sekunde, inaweza kulala wiki nzima katika sanduku la barua taka, na ofisa manunuzi asijue kwamba iliandikwa. Tarehe ya mwisho inapita. Mwenye mzigo husema, “Nimenyimwa kwa kuwa sina mtu wangu ndani.” Huenda ni kweli hana mtu ndani. Lakini huenda pia barua yake haikuwa na muhuri, na hakuna aliyemnyima kitu.

Tuanze na asili ya tatizo lenyewe. Kanuni zilizoweka msingi wa usafirishaji wa barua pepe, ambao dunia inautumia mpaka leo, ziliandikwa mwaka 1982 na mtaalamu wa Kimarekani, Jon Postel. Wakati huo mtandao ulikuwa wa vyuo vikuu na taasisi za utafiti. Waliokuwa wakiandikiana walifahamiana, na hakuna aliyewaza kwamba mmoja wao angejifanya mwingine. Kwa hiyo kanuni hizo hazikumdai mtumaji athibitishe jina lake.

Kila msikilizaji aliyewahi kutuma barua posta ataelewa. Nyuma ya bahasha huandikwa jina la mtumaji na namba ya sanduku lake. Nani huhakikisha kwamba sanduku hilo ni lake kweli? Hakuna. Mimi nikiandika nyuma ya bahasha jina la mkuu wa mkoa na sanduku lake, nikaitumbukiza posta, barua itakwenda. Barua pepe iliumbwa hivyo hivyo. Mtu aliye popote duniani, mwenye ujuzi kidogo na kompyuta moja, anaweza kutuma barua inayoonekana juu yake kwamba imetoka katika kampuni yako, kwa jina lako na anwani yako kamili. Hahitaji kuvunja kompyuta yako wala kulijua neno lako la siri.

Watanzania tunaujua utapeli wa namna hii kwa upande wa simu. Nani hajapokea ule ujumbe unaosema, “Ile hela tuma kwenye namba hii”? Ujumbe huo hurushwa kwa maelfu ya watu, ukimtafuta mmoja ambaye kwa bahati mbaya alikuwa kweli anataka kumtumia mtu fedha. Ndiyo maana tukaambiwa tusajili laini kwa alama za vidole. Kazi hiyo ilianza mwaka 2019, na siku ya mwisho ikawa tarehe 20 Januari 2020. Shabaha ilikuwa kila namba iwe na mwenyewe anayejulikana.

Utapeli wa barua pepe una hasara kubwa zaidi, kwa sababu barua pepe hubeba ankara. Tapeli huliandikia shirika akijifanya muuzaji wao wa siku zote, na kusema kwamba akaunti ya benki imebadilika, basi malipo ya mwezi huu yapelekwe kwenye akaunti mpya. Asidhani mtu kwamba wanaonaswa ni wajinga au wanyonge. Kati ya mwaka 2013 na 2015 raia mmoja wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alijifanya kampuni ya Quanta ya Taiwan, inayotengeneza vifaa vya kompyuta. Kwa barua pepe na ankara za uongo alizifanya kampuni za Google na Facebook zimlipe zaidi ya dola milioni 100. Alikamatwa, na mwaka 2019 mahakama ya New York ikamhukumu kifungo cha miaka 5. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliripoti kwamba hasara iliyotokana na utapeli wa barua pepe za kibiashara, kwa malalamiko yaliyolifikia mwaka 2023 pekee, ilikuwa zaidi ya dola bilioni 2.9. Ikiwa wenye mtandao wenyewe walilipa ankara za uongo, mhasibu wa kampuni ndogo atajilinda kwa kitu gani?

Kutokana na hali hiyo, kampuni zinazopokea barua pepe zimekuwa kama wanunuzi wa dhahabu. Msikilizaji wa ukanda huu anajua kwamba hakuna mnunuzi anayelipa kwa kuambiwa. Tangu soko la dhahabu lilipofunguliwa Geita mwaka 2019, mzigo unaoingia sokoni hupimwa usafi na uzito ndipo bei itajwe. Kampuni za barua pepe nazo zinapima. Kuanzia Februari 2024, Google na Yahoo zilianza kumtaka kila mtumaji awe na uthibitisho wa jina lake. Anayetuma barua nyingi kwenda kwa wateja wao, na kwa Google ni zaidi ya 5,000 kwa siku, walimtaka awe na mihuri yote mitatu nitakayoieleza. Mei 2025 Microsoft nayo ikaanza kuwabana watumaji wakubwa wa kiasi hicho. Mtumaji mdogo asijidanganye kwamba hayamhusu. Barua yake moja kwa siku nayo hupimwa, na isipothibitika huweza kutupwa kwenye taka au kurudishwa.

Sasa mihuri yenyewe ni ipi?

Kwanza tuelewe jambo moja. Biashara inayokua hununua jina lake mtandaoni, na jina hilo huitwa kikoa. Vikoa vya nchi yetu huishia na .tz, herufi zilizoingizwa katika orodha ya dunia mwaka 1995. Kampuni hutumia co.tz, mashirika yasiyo ya kiserikali or.tz, vyuo ac.tz, na Serikali go.tz. Kila kikoa kina ukurasa wake katika daftari kubwa la wazi linalosomwa na kompyuta zote duniani. Mtu yeyote anaweza kulisoma daftari hilo. Lakini anayeweza kuandika katika ukurasa wa kikoa fulani ni mwenye kikoa peke yake, au fundi aliyemkabidhi ufunguo. Hapo ndipo tofauti ilipo. Tapeli anaweza kuandika jina lako juu ya barua yake, lakini hawezi kuandika katika ukurasa wako wa daftari. Mihuri yote mitatu imejengwa juu ya ukweli huo.

Muhuri wa kwanza unaitwa SPF. Ni orodha. Unaandika katika ukurasa wako kwamba barua za kikoa changu husafirishwa na seva hizi tu, na nyingine zote si zangu. Ni kama mfanyabiashara wa Chato anayemwambia mteja wake wa Mwanza, “Mizigo yangu huja kwa mabasi haya mawili. Ukiletewa mzigo kwa jina langu na basi jingine, usipokee.” Seva inayopokea barua hutazama imeletwa na nani, kisha hulifungua daftari na kulinganisha.

Muhuri huu una upungufu wake. Barua ikipokewa na mtu wa kwanza, naye akaweka utaratibu wa kuzisukuma barua zake kwenda anwani nyingine, safari ya pili itafanywa na seva isiyo katika orodha yako. Ni basi jingine, ingawa mzigo ni ule ule.

Ndiyo maana ukawekwa muhuri wa pili, unaoitwa DKIM. Huu ni lakiri. Matangazo ya zabuni yametuzoesha maneno “bahasha iliyofungwa kwa lakiri”. Lakiri haijali imebebwa na basi gani. Ikifika nzima, mpokeaji anajua kwamba haikufunguliwa njiani. Kwa barua pepe kazi hiyo hufanywa kwa hesabu. Seva yako ina ufunguo wa siri, ambao hutia alama katika kila barua inayotoka. Mwenzake, ufunguo wa wazi, unawekwa katika ukurasa wako wa daftari ili kila mpokeaji aweze kuihakiki alama hiyo. Mtu akiibadilisha barua njiani, hata akigusa tarakimu moja ya akaunti ya benki, hesabu hazitakubaliana, na lakiri itaonekana imevunjika.

Muhuri wa tatu unaitwa DMARC, na huu ndio watu wengi wanausahau. Kila barua pepe ina majina mawili ya mtumaji. Liko jina la kwenye bahasha, linalosomwa na seva, na liko jina la kwenye kichwa cha barua, linalosomwa na binadamu. Tapeli mjanja anaweza kuandika kwenye bahasha kikoa chake mwenyewe, chenye orodha safi kabisa, kisha ndani akaweka kichwa cha barua chenye jina lako. Bahasha itapita ukaguzi, na mhasibu atasoma jina lako. DMARC inataka jina linalosomwa na binadamu likubaliane na jina lililothibitishwa kwa orodha au kwa lakiri. Lisipokubaliana na lolote kati ya hayo mawili, barua hiyo imeshindwa.

Zaidi ya hapo, DMARC inatoa maagizo juu ya barua iliyoshindwa. Maagizo ni matatu, nawe unachagua moja. La kwanza linasema barua iachwe ipite lakini nipewe taarifa. La pili linasema iwekwe pembeni, yaani kwenye taka. La tatu linasema ikataliwe mlangoni. Na kuhusu taarifa, seva nyingi kubwa za dunia hukuletea, kwa kawaida mara moja kwa siku, orodha ya seva zote zilizotuma barua kwa jina lako na idadi ya barua hizo. Mwenye jina anaweza kuona kwamba seva iliyo nchi asiyoijua imekuwa ikituma barua kwa jina la duka lake. Bila taarifa hizo angesikia habari hiyo kwa mteja aliyekwisha kuibiwa.

Ndugu msikilizaji, niseme sasa namna ya kuifanya kazi hii, kwa sababu haraka huharibu. Mwenye biashara au katibu wake aanze kwa kuandika kwenye karatasi njia zote zinazotuma barua kwa jina la kampuni. Ziko kompyuta za ofisini, iko fomu ya maulizo kwenye tovuti, uko mfumo wa uhasibu unaotoa ankara wenyewe, na pengine iko kampuni inayowatumia wateja matangazo. Njia moja ikisahauliwa, ankara zake zitaanza kukataliwa siku muhuri utakapokazwa. Kisha fundi aiandike orodha ya SPF, awashe lakiri ya DKIM kwa kila njia, na aweke DMARC kwa lile agizo la kwanza, la kupitisha na kupata taarifa. Taarifa zisomwe kwa wiki kadhaa. Zikionyesha kwamba barua zote halali zinathibitika, ndipo agizo likazwe kuwa la pili, na baadaye la tatu. Mwenye kuruka moja kwa moja kwenye agizo la tatu anaweza kuzikataza barua zake mwenyewe.

Yako makosa mawili ya kiufundi yanayorudiwa mara nyingi, nayo nitayataja kwa ajili ya mafundi wanaonisikiliza. Kosa la kwanza ni kuwa na orodha mbili za SPF katika kikoa kimoja. Fundi wa kwanza aliweka yake, wa pili akaongeza nyingine bila kutazama. Kanuni inaruhusu orodha moja tu, na zikiwa mbili zote mbili zinabatilika. Kosa la pili ni kuijaza orodha marejeo ya kampuni nyingi. Kanuni inamwekea mpokeaji kikomo cha marejeo 10 yanayomlazimu kufungua kurasa nyingine za daftari. Yakizidi hapo, ukaguzi hushindwa.

Lakini kosa lililo kubwa kuliko yote si la kiufundi. Ni la umiliki. Mwenye biashara humpa kijana fedha amtengenezee tovuti na barua pepe. Kijana hukisajili kikoa kwa jina lake yeye, kwa simu yake yeye, na neno la siri likabaki kichwani mwake. Baada ya mwaka mmoja kijana amehamia Dodoma au amebadilisha laini. Sasa mwenye biashara anataka kuweka muhuri na hawezi, maana ufunguo wa daftari hana. Ada ya mwaka nayo inapita bila kulipwa, kwa sababu tangazo la kudai lilikwenda kwa kijana. Hakuna anayejenga nyumba akakubali hati iandikwe jina la mwashi. Iweje jina la biashara liandikwe kwa jina la fundi? Kabla ya muhuri wowote, mwenye biashara ahakikishe kwamba kikoa kimesajiliwa kwa jina lake, na kwamba maneno ya siri yanahifadhiwa ofisini kwake.

Nimesoma mabango ya biashara hapa Chato mjini, na mengi yana anwani za bure zinazotolewa na kampuni za Marekani. Sina ugomvi na anwani hizo. Barua inayotumwa moja kwa moja kutoka huko huwa imekwishawekewa muhuri. Lakini muhuri huo ni wa kampuni ya Marekani. Unathibitisha kwamba barua imetoka kwao, hauthibitishi kwamba imetoka dukani kwako. Mtu akiongeza herufi moja au tarakimu moja kwenye jina lako, anaweza kufungua anwani inayofanana na yako kabla chai haijapoa. Mwenye genge la nyanya hana haja ya kikoa. Anayeomba kazi ya mamilioni mgodini anayo haja hiyo.

Serikali yenyewe ilikwisha kuliona jambo hili. Taasisi za umma zimejengewa mfumo wao wa barua pepe unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, na anwani zake huishia na go.tz. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Shule inayowaandikia wazazi kuhusu ada, hospitali inayowaandikia wagonjwa, chama cha ushirika kinachowaandikia wanunuzi wa pamba, wote hao wanabeba majina na fedha za watu wengine. Jina la taasisi ya namna hiyo likiachwa bila mlinzi, anayeumia ni mzazi aliyepeleka ada kwenye akaunti ya mwizi.

Hapana budi pia niseme mipaka ya mihuri hii, ili mtu asije akalala usingizi akidhani amemaliza. Muhuri unathibitisha barua imetoka kwa nani. Hauthibitishi kwamba aliyoyaandika ni kweli. Tapeli anaweza kununua kikoa chake kinachofanana na chako kwa tofauti ya herufi moja, akakiwekea mihuri yote mitatu, na barua zake zikapita. Mwizi aliyelipata neno lako la siri atatuma barua kutoka ndani ya sanduku lako, nayo itakuwa na lakiri safi. Kwa hiyo uthibitisho wa hatua mbili uwekwe kwenye kila sanduku la barua la ofisi. Na mhasibu akipata barua ya kubadilisha akaunti ya benki, hata iwe na mihuri kumi, anyanyue simu ampigie muuzaji kwa namba anayoijua tangu zamani, si kwa namba iliyoandikwa ndani ya barua hiyo.

Vilevile muhuri hautakusaidia ukiwa mtu wa kurusha matangazo kwa watu ambao hawakuyaomba. Wapokeaji wakizidi kuzitia barua zako kwenye taka, kampuni za barua pepe zitakukumbuka kwa ubaya, na safari hii zitakuwa na hakika kwamba ni wewe.

Msikilizaji anaweza kuuliza kama kazi hii haihitaji mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Haihitaji. Ni mistari michache katika daftari. Kuiandika hakuna ada nyingine zaidi ya ile ya mwaka ya kikoa na malipo ya fundi. Vijana waliosoma kompyuta wapo Chato, wapo Geita, wapo Mwanza. Anayetaka kujua hali yake anaweza kujipima leo. Aitume barua kutoka anwani ya ofisi kwenda anwani ya bure ya rafiki yake, kisha waifungue kwenye kompyuta na kuchagua kuionyesha barua ya asili. Hapo juu wataona majina ya mihuri mitatu, na mbele ya kila mmoja kama umepita au umeshindwa. Kazi hiyo haizidi dakika 5.

Natoa ushauri kwa vyama vya wafanyabiashara na kwa maofisa biashara wa halmashauri. Mnapoitisha semina za kuwaandaa wazawa kuhudumia migodi, mnafundisha namna ya kuandaa zabuni, kulipa kodi na kutunza hesabu. Ni mambo mema. Ongezeni saa moja ya kufundisha jambo hili. Nayo migodi na kampuni kubwa, mnapokataa barua ya muuzaji mdogo kwa sababu haikuthibitika, mjulisheni kwa simu. Mtu akiambiwa kosa lake anaweza kulirekebisha, lakini anayenyamaziwa hubaki akiamini kwamba alionewa.

Ndugu msikilizaji, mfanyabiashara wa Chato hawezi kushindana na wa Johannesburg kwa mtaji. Anachoweza kushindana nacho ni jina, kwamba akisema mboga zitafika Jumatatu alfajiri, zinafika. Jina hilo amelijenga kwa miaka, na si haki liishie kwenye sanduku la taka, wala litumike kumwibia mteja wake. Kesho asubuhi, kabla hujafungua duka, mpigie fundi wako umuulize maswali mawili: kikoa chetu kimeandikwa kwa jina la nani, na je, kina mihuri yake mitatu?